Nakupa Shelui

"Mko wangapi, nijue mtungi wa kuwapa?"

Mama Witness, mwenye nyumba, aliuliza hivyo hata injini ya lori haijazimwa vizuri. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, kitenge amekifunga juu ya sweta kwa sababu ya upepo wa Julai, ule upepo wa Singida unaopasua midomo na kuingiza vumbi hadi ndani ya sanduku lenye kufuli.

"Shikamoo mama," Damari akasema, akishuka mguu mmoja kwanza, halafu mwingine, polepole kama mtu aliyebeba mayai. "Tuko wawili."

"Marahaba, mwanangu. Wawili ni mtungi mdogo. Karibuni Shelui. Hapa malori hayalali, lakini mtazoea."

Wawili. Damari alilimeza lile neno likapita kwa shida. Hakupenda kuanza na uongo katika nyumba ya watu. Siku tano nyuma, nesi wa zahanati kule Itigi alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili, akatabasamu, akamwambia, "Hongera dada, mimba hii inaingia mwezi wa tatu." Miaka minne alikuwa amelingoja neno hilo. Miaka minne mama mkwe ambaye hajawahi kumkaribisha ndani alikuwa akiuliza watu sokoni kama kwa Gervas hata paka amezaa. Na sasa neno limekuja, Damari akaliweka kama mtu anavyoweka nyama ya sikukuu, juu, mbali na mikono. Alitaka kumwambia Gervas hapa, siku hii ya kwanza, vitu vikishaingia ndani na pumzi ikisharudi.

Aligeuka kumtazama. Gervas alikuwa juu ya lori, shati limelowa mgongoni, ameshika kichwa cha cherehani kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. Macho yao yalipokutana, yeye akayaondoa upesi.

Amechoka, Damari alijiambia. Nani asingechoka?

Maana kuhama kule kulikuwa kazi. Walipopunguza watu kwenye gengi la reli, Gervas naye jina lake lilisomwa, na nyumba ya kambini ikawa ya kurudisha. Damari ndiye aliyesema, twende Shelui, njia kuu ya Nzega, madereva wanachana suruali kila siku, mimi nitashona na wewe utaziba pancha. Wakapakia alfajiri. Manyoni kamba ikakatika, godoro likaanguka barabarani na basi likalikanyaga. Ikungi tairi. Na kwenye kona za Sekenke, lori likishuka linalia kama ng'ombe, sanduku la glasi likateleza kutoka mbele hadi nyuma. Damari alizisikia zote sita zikivunjika, moja baada ya nyingine, akazihesabu.

Lakini kabla ya Sekenke kulikuwa na Issuna.

Issuna ndiko nyumbani kwa akina Gervas. Lori lilisimama pale saa tatu asubuhi, kwa sababu mtu hapiti mlangoni kwa mama yake bila kumwamkia, hasa mwaka ule ambao kaka mkubwa, Christopher, alizikwa mwezi wa pili. Gervas aliingia ndani. Damari akabaki kwenye lori, hakuambiwa ashuke. Alisikia sauti za wazee wakizungumza Kinyaturu, na yeye Mnyiramba anaokota neno moja moja, lugha zikiwa majirani. Saa nzima ikapita. Aliyetoka kwanza hakuwa Gervas. Alikuwa Rahel, mjane wa Christopher, amefunga kitambaa cheusi, amebeba kibuyu cha maji na kuku mwekundu kwapani.

"Mwenzangu, shuka unywe," Rahel alisema.

"Sijaalikwa, dada."

"Basi nitapanda mimi." Na kweli alikanyaga tairi, akampa kibuyu, akamtazama anavyokunywa. Alikuwa mwembamba kuliko siku ya msiba. "Huyu kuku ni wa kwangu mwenyewe, si wa nyumba. Ndiye aliyebaki. Nimekupa."

"Na watoto watakula nini?"

"Watoto wanne hawashibi kuku mmoja." Rahel akacheka kidogo, kicheko kikakatika. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Dada, mimi sikuomba kitu. Ulijue hilo. Lolote utakalosikia, mimi sikuomba."

Damari hakuuliza. Dereva alikuwa anasikiliza, na Gervas alikuwa anatoka, uso wake kama ukuta uliopigwa maji.

*

Saa kumi na moja vitu vyote vilikuwa ndani. Chumba kimoja na sebule, sakafu ya saruji, dirisha la mbao linalotazama barabarani. Gervas aliunga kitanda mwenyewe, akakaza kila parafujo, akakitikisa, akakaza tena. Aliweka cherehani chini ya dirisha, akatia mafuta, akajaribu pedeli kwa mguu. Alipigilia msumari wa pazia. Alipigilia mwingine wa koti. Damari alikuwa akimwangalia anavyofanya haraka, kila kitu leo, hata kile cha kesho.

"Pumzika basi, baba. Nyumba haikimbii."

"Hii bawaba inalia. Ngoja niitengeneze."

"Iache ilie, nitajua umeingia."

Gervas akainama zaidi kwenye bawaba.

Nje, Lazaro mwenye lori alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari lake, anakula ugali na mlenda wa Mama Witness. Damari alimpelekea maji ya kunawa.

"Kaka Lazaro, si ulisema una vitunguu vya kupakia Misigiri? Jua linakwenda."

"Nikimaliza hiki kitonge tunaondoka, shemeji."

"Mnaondoka na nani? Hukuja na utingo."

Lazaro akakohoa, mlenda ukampitia pabaya. "Mimi na gari langu," akasema, akainamia sahani. "Gari nalo si mtu?"

Damari akacheka. Akarudi ndani, na katikati ya mlango kicheko chake kikaisha bila yeye kujua kwa nini.

Gervas alikuwa amekaa juu ya sanduku la glasi zilizovunjika. Mikononi ameshika chupa.

"Nini hiyo?"

"Divai. Nimeinunua Singida mjini, Lazaro alipokuwa anatia dizeli. Siku hizi maduka yale yana kila kitu. Mwenye duka ameniambia imetoka Australia, na bei yake ndogo kuliko ya hapo Dodoma. Nikasema mbona? Akasema, usiulize, baba, kunywa."

Damari akaichukua. Nyeusi, nzito, ina karatasi, na kwenye karatasi mnyama amesimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayechungulia ua wa jirani.

"Imesafiri kuliko sisi," alisema, "na haijavunjika. Huyu mnyama ni nini, panya?"

"Panya mkubwa hivyo! Kangaruu huyo. Tulisoma darasa la sita. Huyo ana mfuko hapa mbele, mtoto anakaa humo. Mama anaruka, mtoto yumo. Anahama naye popote, wala huwezi kujua kama yumo."

Damari alihisi moto umepanda shingoni. Sasa, alijiambia. Mlango huu hapa. Lakini alitaka kufurahi kidogo kwanza, alitaka waonje, alitaka amwambie wakiwa wanacheka.

"Fungua basi, mtu wa darasa la sita."

Hapo ndipo walipogundua kuwa divai haifunguliwi kwa meno. Kizibo kilikuwa cha gamba la mti, kimezama shingoni. Gervas alijaribu kisu, kikatoka na unga. Alijaribu bisibisi ya cherehani. Mwisho Damari akaleta mwiko, akauweka mpini juu ya kizibo, Gervas akaugonga kwa nyundo ile ya misumari. Kizibo kikazama *tubwi*, na divai ikaruka juu, ikampaka Gervas kidevu na kulichora pazia jeupe alilolitundika sasa hivi.

"Pazia langu!"

"Limebatizwa!"

Walicheka. Ee, walicheka kama zamani, wameshikana mabega, cheko la watu wenye njaa na vumbi masikioni. Glasi hazikuwepo, kwa hiyo wakatumia kifuniko cha chupa ya chai. Gervas akamimina, akampa yeye kwanza.

Damari alikishika kwa mikono miwili. Bila kukusudia akafumba macho.

"Mbona kama uko kanisani?"

"Nimezoea." Akafumbua. "Mimi divai nimeijua mezani kwa Bwana tu. Tone moja. Na tangu nimekaa na wewe bila ndoa, mchungaji alisema nisikaribie. Nakaa benchi la nyuma, wenzangu wanapanga mstari, mimi nashika kitabu cha nyimbo. Miaka minne, Gervas."

"Kwetu padri anakunywa peke yake, sisi wote tunatazama. Kwa hiyo tuko sawa."

"Nyie mnatazama wote. Mimi nilikuwa natazama peke yangu."

Akaonja. Ilikuwa chachu kama ukwaju, kisha ikawa tamu upande wa nyuma wa ulimi, kisha ikaacha joto linaloshuka taratibu hadi mahali ambapo mabega yanafungwa. Mabega yakafunguka. Barabara ya Manyoni ikamtoka mwilini, godoro likamtoka, glasi sita zikamtoka. Akanywa tena, kidogo.

"Loo! Hawa watu wa mbali wanajua."

"Lakini unadonoa kama ndege. Kunywa."

"Mimi kidogo kinanitosha leo." Alimrudishia kifuniko, na vidole vyao vikakaa pamoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Jua bado liko, tucheze. Kitendawili!"

Gervas akaiweka chupa chini. "Tega," akasema.

Mchezo huu ulikuwa wao. Ndio uliowakutanisha. Siku ile ya kwanza, stesheni ya Itigi, Damari anauza maandazi, Gervas na wenzake wa gengi wamekaa juu ya nyundo zao, yeye akawatega: *Ngazi yangu imelala chini, mwisho wake sijauona.* Wakafikiri hadi maandazi yakapoa. Hakuna aliyejua. "Ni reli!" Damari akapiga kofi. "Watu wa reli mmeshindwa na reli!" Wenzake wakaondoka na aibu, Gervas akabaki na kesho yake akarudi. Na kwa kuwa aliyeshindwa lazima atoe mji ndipo apewe jibu, alimpa Saranda. Tangu hapo akampa stesheni zote, moja moja, mpaka Dodoma. Na sheria yao ilikuwa kali kuliko ya watoto: mji ukishautoa si wako tena, na huna pa kulala humo mpaka mwenyewe akukaribishe. Kazi ilipompeleka Gervas Saranda kulala, alikuwa anatuma salamu kwa mlinzi wa treni: mwambie Dama naomba usiku mmoja mjini kwake. Naye alikuwa anajibu: alale, lakini asichafue.

Mji mmoja tu hakuwahi kuutoa. "Nipe Issuna," Damari alikuwa anamwambia. Naye, "Issuna si wangu wa kutoa. Ni wa mama."

Sasa Damari alikunja miguu kwenye mkeka, akaweka mkono juu ya kitenge, pale chini ya kitovu, ambapo mtu mwenye macho angeona.

"Tulipanda lori, tukahesabiwa wawili. Tumeshuka watatu."

Gervas alitazama chupa. Alitazama sakafu.

"Lazaro."

"Lazaro ni dereva, hahesabiwi."

"Cherehani."

"Ina roho? Fikiri, Gervas. Usikimbilie kutoa mji. Hiki ni kitendawili kizuri kuliko vyote nilivyokutega." Alitabasamu, na moyo ulikuwa unampiga hadi kwenye meno. "Watatu. Tangu Itigi. Wa tatu hujamwona, lakini umembeba, umemsogelea, umelala naye ubavuni."

Gervas alinyanyua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa, na Damari kwa sekunde moja ya furaha alidhani amejua.

"Christopher," akasema.

"Nini?"

"Wa tatu ni marehemu. Yuko kati yetu tangu asubuhi, Dama. Umemwona na wewe, eti? Nilijua utamwona. Alikaa katikati yetu kwenye kiti cha lori njia nzima."

Nje lori moja lilipita na kuutikisa mlango. Damari aliondoa mkono kwenye kitenge.

"Siyo," alisema polepole. "Siyo yeye."

"Basi nimeshindwa."

"Usishindwe upesi hivyo."

"Nimeshindwa, Dama."

"Basi nipe mji."

Alisema vile kwa mazoea, kama mtu anavyoitika jina lake. Gervas alikiweka kile kifuniko sakafuni kwa uangalifu mkubwa. Akazunguka na macho: kitanda kilichokazwa, pazia lenye doa, cherehani yenye mafuta, bawaba isiyolia.

"Nakupa Shelui," akasema.

Damari alikunjua miguu.

"Huu tunaokaa?"

"Huu. Wote. Na nyumba hii na kila kilichomo."

"Gervas, sheria unaijua. Ukinipa Shelui utalala wapi?"

Gervas akatazama mlango, na hapo ndipo Damari akasikia tena lile neno la Lazaro. *Tunaondoka.*

*

"Wazee walishaketi," Gervas alisema. Alikuwa anazungumza na mikono yake. "Walikuwa wananingoja mimi tu nipite. Mama analia. Wanasema shamba la Christopher halijalimwa, paa limeanza kuvuja, watoto wanne wanakwenda kuomba unga kwa majirani na baba yao mdogo yupo hai. Wanataka nikae kwenye nyumba ya kaka. Nisimame pale aliposimama."

"Na kulala alipolala."

"Dama."

"Sema. Mimi si mtoto. Wanataka umrithi Rahel."

"Ndiyo."

Divai ilikuwa imeacha mstari mwekundu kwenye kidevu chake, umekauka. Damari alitaka kuufuta. Mkono wake uliinuka, ukarudi.

"Na mimi je? Mama amesema nini juu yangu? Usinifichie."

"Amesema..." Alifuta mikono kwenye suruali. "Amesema wewe hukutambulishwa, wala mahari haikwenda kwa baba yako. Amesema, huyo hana mtoto wa kumfunga, ataondoka salama. Rahel ana wanne."

Hana mtoto wa kumfunga.

Jibu lilikuwa pale, kwenye ulimi, limeiva. Neno moja tu. Angelisema, na Gervas angeanguka hapo hapo sakafuni, angelia, angemfukuza Lazaro, angeomba kukaribishwa Shelui. Angebaki. Damari alikuwa na hakika angebaki.

Lakini kuna kitu alitaka kukijua kwanza.

"Wewe ukawajibu nini?"

"Nani?"

"Wazee. Mama. Alipotamka vile juu yangu, wewe ulisema nini?"

Gervas alikichukua kifuniko, akakirudisha chini.

"Nilinyamaza," alisema.

"Saa nzima?"

"Nilinyamaza, Dama. Sikupata neno."

Na Damari akalitafakari hilo. Kama angesema neno moja. Moja tu, hata la kijinga. Mama, yule ni wangu. Angelisema kabla ya kujua chochote, akiwa na mwanamke mtupu asiye na kitu tumboni, sasa hivi angepewa jibu la kitendawili na vigelegele juu. Lakini alinyamaza. Akimwambia sasa, Gervas atabaki, ndiyo. Atabaki kwa sababu amefungwa. Na kila mvua itakaponyesha atatazama upande wa Issuna na kulifikiria lile paa. Na Rahel, mwenye kuku mmoja, aliyempa huyo huyo mmoja na kusema sikuomba, Rahel atakwenda kuomba unga kwa nani?

"Kwa nini hukubaki kule kule?" aliuliza. "Kwa nini umenileta hadi huku, unanikazia kitanda?"

"Sikutaka ushuke peke yako kwa watu usiowajua. Nilitaka nikuinulie vitu vizito."

Hapo Damari akalia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu kama maji ya mtungi unaovuja, na Gervas akamsogelea na kumkumbatia, na kwa muda walikuwa watu wawili, au watatu, kwenye mkeka mmoja. Alinuka divai na mafuta ya cherehani na vumbi la Sekenke. Damari alivuta harufu ile yote, akajaza kifua, kama mtu anayeweka akiba ya kiangazi.

"Njoo na mimi," Gervas alinong'ona. "Tutawaambia..."

"Utawaambia nini leo jioni ambacho hukuwaambia asubuhi?"

Alinyamaza tena.

"Unaona," Damari alisema, bila ukali.

Lazaro akapiga honi. Moja, fupi, ya mtu mwenye aibu.

Gervas alisimama. Alichukua koti lake kwenye msumari alioupigilia mwenyewe saa moja iliyopita. Halikuwa hata limepata kuning'inia vizuri. Mfuko wake mdogo, Damari aliona sasa, haukuwahi kushushwa garini.

Mlangoni akageuka. Jua lilikuwa limekaa juu ya paa za mabati ng'ambo ya barabara, jekundu, na uso wake wote ulikuwa wa rangi ile ya kwenye chupa.

"Mji nimetoa, Dama. Nipe jibu. Nitasafiri vibaya bila jibu."

"Lazima kwanza niule mji."

"Ule."

Damari akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Akasimama wima, kwa sababu mchezo una heshima yake: aliyepewa mji husimulia kwanza alivyopokelewa huko.

"Nilikwenda Shelui," akaanza, sauti inatetemeka halafu inakaa sawa. "Nilikuta mama mwenye nyumba ananingoja na mtungi. Nikakaribishwa. Nikapewa kinywaji kilichovuka bahari, nikanywa. Nikaona kitanda kimekazwa, nikalala. Wewe ulipobisha hodi nikakuwekea..." Ilitakiwa amtanie hapo. Amwekee kwato, au mavumbi, au kibao cha kukalia mgonjwa. "Nikakuwekea kizibo."

Gervas alicheka huku anafuta pua. "Kizibo tu?"

"Kizibo tu. Kimeshazama hakitoki."

"Na jibu?"

Upepo uliingia ukalipepea pazia. Kikapuni, karibu na jiko, kitu kikatetea na kukwaruza.

Katika miaka yote ile Damari hakuwahi kudanganya kwenye kitendawili. Hata alipokuwa anashindwa, hata walipokuwa wamegombana.

"Kuku," alisema. "Wa tatu ni kuku wa Rahel."

"Kuku!" Gervas akajipiga paji la uso. "Kuku! Na mimi nimekaa naye miguuni toka Issuna!" Alicheka, na kicheko chake kilikuwa na kitu kingine ndani, kama mtu aliyepapasa mfuko akitafuta kitu akakosa. "Mimi nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Alimtazama. Alimtazama muda mrefu sana, kutoka usoni hadi miguuni na kurudi, na Damari akakaza tumbo, akasimama kama askari.

"Basi tu," alisema. "Siku nikipita Shelui, utanikaribisha? Hata usiku mmoja?"

"Utume salamu kwanza. Mji ni wangu."

"Nitatuma."

"Na usichafue."

Akatoka. Bawaba haikulia, kwa hiyo Damari hakusikia mlango unafungwa. Alisikia mlango wa lori, na injini, na Lazaro akikohoa kikohozi kisicho cha lazima. Halafu lori lile lile lililowaleta likazunguka, tupu, likashika njia ya Sekenke. Aliona mkono umetoka dirishani. Haukupunga. Ulikaa tu nje, umefumbatwa, mpaka vumbi likauficha.

*

Alirudi kukaa kwenye mkeka. Chupa ilikuwa imebaki nusu, kizibo kinaelea ndani kama mashua ya mtoto kwenye dimbwi. Alimimina kidogo kwenye kifuniko, kiasi cha kulowesha ulimi. Ilikuwa bado nzuri. Hilo lilimshangaza na kumuuma: kwamba kitu kinaweza kuwa kizuri saa kama hiyo. Akakinywa taratibu bila kufumba macho, na yule kangaruu akawa anamtazama kutoka kwenye karatasi, mikono ameikunja kifuani, mfuko wake umefungwa.

"Wewe unajua," Damari alimwambia. "Nyamaza hivyo hivyo."

"Hodi humu!" Mama Witness aliingia na makaa kwenye kipande cha bati, anayapuliza. Akasimama. Alitazama msumari usio na koti. Alitazama kitanda, pazia lenye doa jekundu, chupa, uso wa mpangaji wake mpya. Hakuwa mwanamke wa kuuliza maswali yenye majibu marefu. Alimimina makaa jikoni, akapiga magoti, akapuliza mpaka yakashika.

"Nimeona lori limeondoka na baba," alisema mwishowe, mgongo umemgeukia.

"Ndiyo, mama."

"Atarudi?"

"Akirudi atatuma salamu."

"Haya." Akainuka, akashika shingo ya mtungi pale pembeni. "Basi mwanangu, mtungi huu nikubadilishie. Nina kibuyu kidogo. Kwa kuwa umebaki mmoja."

Damari aliweka mkono pale, chini ya kitovu, juu ya kitenge, wazi kabisa, ambapo mtu mwenye macho angeona.

"Uache, mama," alisema. "Tuko wawili."

Mama Witness akautazama ule mkono. Akautazama tena. Kisha akauchukua mtungi mdogo, akatoka nao, na baada ya muda akarudi anayumba kidogo kwa uzito, amekumbatia ule mkubwa.